Mafuta Yameijua Tanga, Sisi Bado

Kila mwaka, muhula wa pili unapokaribia kwisha, tangazo hubandikwa kwenye ubao wa idara yetu: ziara ya kimasomo, Zanzibar, siku tano, kila mwanafunzi alete mchango wake kabla ya tarehe iliyotajwa. Nimelisoma tangazo hilo miaka mitatu mfululizo na halijabadilika ila tarehe na kiasi cha pesa. Pesa hupanda. Wapo wazazi wanaouza kahawa ya msimu mzima ili mtoto akapige picha mbele ya mlango wenye njumu, kisha arudi Kampala na fulana iliyoandikwa "Hakuna Matata".

Nasema waziwazi, na walimu wangu wanisamehe kwa ukali: ziara hiyo, jinsi inavyofanywa sasa, haitufundishi Kiswahili wala haitufundishi Uswahili. Kama idara za Kiswahili za Uganda, Rwanda na Burundi zina nia ya kweli ya kuwapeleka wanafunzi pwani, ziwapeleke Tanga.

Sina ugomvi na Unguja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Heshima hiyo ni yake. Lakini kuheshimiwa kwa mji ni jambo moja, na mwanafunzi kujifunza ndani yake siku tano akiwa kwenye kundi la watu arobaini ni jambo jingine. Ziara yetu huenda hivi: mtembezaji hutupitisha Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, hutupitisha kwenye milango, jioni tunakula Forodhani, kesho yake tunapanda boti kwenda kuona kobe. Maneno yake ameyahifadhi, na ukimkatiza kwa swali huanza upya kutoka mwanzo wa sentensi. Muuza viungo akituona tumevaa kofia na kubeba kamera anatwambia "Jambo!", salamu ambayo hakuna Mzanzibari anayempa jirani yake. Ukimjibu kwa Kiswahili anaendelea kwa Kiingereza, kwa sababu macho yake yameshamwambia wewe ni nani. Simlaumu. Mji unaoishi kwa wageni lazima uwe na lugha ya wageni. Ila sisi tumesafiri usiku na mchana kuifuata ile lugha nyingine.

Mwaka jana niliandika pendekezo la utafiti juu ya msamiati wa uvuvi wa Tanga. Lilirudishwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni: "Badilisha mahali." Nilipokwenda kuuliza sababu, nikaambiwa kwamba Tanga si kitovu cha Kiswahili na kwamba mtahini wa nje angeshangaa. Basi likizo ilipofika, mimi na wenzangu wawili tulichanga pesa zetu wenyewe, tukapanda basi hadi Mombasa, tukavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, tukalala Tanga siku tisa. Nayaandika haya baada ya siku hizo tisa, na ningependa mwalimu yeyote anayeamini Tanga haina kitu anijibu hoja kwa hoja.

Nianze na hilo la kitovu. Ni nani aliyefanya Kiswahili kiwe lugha ya ofisi na ya shule huku bara? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 utawala wa Wajerumani ulifungua shule yake ya kwanza ya serikali mjini Tanga, na humo vijana walifundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Wengi wa waliotoka hapo walikuwa makarani, walimu na maakida waliotawanywa ndani ya nchi. Gazeti la Kiongozi, ambalo kila mtu anayesoma historia ya uandishi wa Kiswahili analitaja katika mtihani, lilichapwa Tanga miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tunalikariri jina la gazeti na kulisahau jina la mji.

Kisha kuna Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Machui, kilomita chache kusini mwa Tanga. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita katika ofisi za serikali za Pangani na Tanga, na amezikwa Machui. Katika programu yetu ya shahada tunasoma Kusadikika, tunasoma Maisha Yangu, tunaandika insha ndefu juu ya utu na adili. Hakuna mwanafunzi hata mmoja wa darasa letu, kabla ya sisi watatu, aliyewahi kufika mahali mtu huyu alipotembea kwa miguu. Wanaosoma fasihi ya Kiingereza wanaota kwenda kuiona nyumba ya Shakespeare, ng'ambo ya bahari mbili. Sisi baba wa fasihi yetu yuko mwendo wa basi, na basi linampita.

Nasema linampita kwa maana yake halisi. Wale wanaokwenda Dar es Salaam kwa njia ya Arusha na Moshi hufika Segera, pale barabara inapogawanyika. Tanga iko kushoto, kiasi cha kilomita 70. Abiria wananunua machungwa, wanapanda tena, na dereva anashika kulia.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba haikuwa hivi zamani. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipokuwa na makao yake Makerere katika miaka ya 1950, ilimtuma W. H. Whiteley kuchunguza lahaja za pwani, na uchunguzi wake wa Kimtang'ata, lahaja ya upande huo wa Tanga, ukachapishwa mwaka 1956. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wa Kamati hiyo. Yaani kulikuwa na wakati ambapo kutoka Kampala kwenda Tanga kutafuta Kiswahili kulionekana ni kazi ya kisomi isiyohitaji kutetewa. Leo pendekezo kama hilo linarudishwa na kalamu nyekundu. Nani amerudi nyuma hapo, Tanga au sisi?

Sasa niseme juu ya bahari, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana hata na wanafunzi wenzangu. Wapo wanaosema kwamba kuogelea, kupanda ngalawa na kuingia mapangoni ni starehe, na kwamba starehe haistahili kuwekwa kwenye bajeti ya masomo. Nawauliza: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" maana yake nini? Wote watajibu haraka: hata ukienda mbali vipi, utarudi kwenu. Nawauliza tena: tezi ni wapi? Omo ni wapi? Kimya. Methali tumeikariri tangu sekondari, tumeitumia katika insha, tumepewa alama kwa ajili yake, wala hatujui imesema nini.

Mimi nilijua asubuhi moja huko Sahare. Mzee mvuvi alitukuta tumesimama ufukweni na madaftari, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kutuuliza, "Mwatoka wapi, wajukuu zangu?" Tulipomwambia Uganda alicheka sana, akasema kumbe huko nako kuna watu wanaosema Kiswahili bila bunduki. (Nitalirudia hilo.) Alitupakia kwenye dau lake. Mwenzangu akaketi nyuma, penye usukani, akaambiwa yuko tezini. Mimi nikaambiwa nisogee omo. Halafu maji yakaanza kuingia, si mengi, na mzee akanitupia kopo akasema, "Shuka ngamani ufue maji." Ngama ni pale chini, tumboni mwa chombo, maji yanapokusanyika. Uende mbele, uende nyuma, kazi itakurudisha pale pale kwenye maji machafu. Nilifua maji karibu saa nzima. Hakuna mhadhara niliousikia miaka mitatu ulioifafanua methali ile kama kopo lile.

Siku tisa zile tulijaza madaftari mawili. Kujaa na kupwa tulikujua kwa vitabu, lakini hatukujua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wala maji mafu yanayokuja kati yake, ambayo mvuvi huyapangia kazi nyingine. Tulijua kaskazi na kusi kama majina ya dira. Kumbe kwanza ni majina ya pepo, na pepo ni majira, na majira ni njaa au shibe. Mwalimu wetu wa semantiki anatumia kipindi kizima kueleza jinsi neno linavyopanuka maana. Angetuleta hapa akanyamaza.

Hata neno analotambulishwa nalo mji huu ni somo la sarufi. Watu husema Tanga ni mji wa "waja leo, warudi leo". Sisi tuliofundishwa viambishi tuliona mara moja kwamba hapa kuna kile kiambishi cha -a- ambacho vitabu vyetu hukipa nusu ukurasa na kukipita, kana kwamba ni kitu cha mashairi tu. Tanga hukisikia sokoni, kwenye daladala, kwa mtoto anayemwita mama yake. Lakini waja ni nani? Ni wewe unayekuja, au ni wao wanaokuja? Umbo ni moja. Tuliwauliza watu watatu. Mmoja alisema ni kejeli kwa mgeni asiyekaa. Mwingine alisema ni kinyume, kwamba mgeni husema atarudi leo na mapenzi yakamweka hadi uzeeni. Wa tatu, mama muuza bada na mchuzi wa samaki huko Ngamiani, alisema, "Mwanangu, kula kwanza." Nadhani jibu la tatu lilikuwa bora.

Ngamiani yenyewe, pamoja na barabara zake zinazoitwa kwa namba, ni darasa juu ya swali linalotusumbua kila semina: Mswahili ni nani? Ziara ya Zanzibar hujibu swali hili kwa mlango wa mbao. Unarudi nyumbani ukidhani Uswahili ni Uarabu uliochanganywa kidogo. Tanga haikupi nafasi ya kudhani hivyo. Hapa kuna Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Wasambaa walioshuka kutoka milimani, Washihiri, Wahindi, na wajukuu wa watu walioletwa na mkonge. Mkonge uliingia upande huu mwaka 1893. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaota mashamba yaliyomeza nguvu za watu kwa miongo mingi. Wafanyakazi waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba kwenye kipande chake. Walitoka kusini, walitoka magharibi, walitoka hata Rwanda na Urundi. Walipokutana kwenye kambi za mkonge hawakuwa na lugha nyingine ya kugawana chumvi na kulalamikia ujira ila Kiswahili. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye tunamwita Mswahili wa Waswahili, wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyao.

Nimesema nitairudia ile kauli ya mzee juu ya bunduki. Jajja wangu anaishi Masaka. Aliuona mji wake ukibomolewa katika vita vya 1979, na kabla ya hapo aliishi miaka minane chini ya askari wa Amin. Kwake yeye Kiswahili ni sauti ya mtu anayegonga mlango usiku. Serikali yetu imekipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi, Mungu akipenda, nitakuwa mmoja wa watakaosimama darasani kukifundisha, mbele ya watoto ambao jajja zao wanasema kama wangu. Nitawaambia nini? Niwaonyeshe picha za milango ya masultani? Mtoto wa Masaka ana uhusiano gani na sultani? Lakini nikimwambia habari za mtu mwenye namba kifuani aliyejifunza Kiswahili ili aweze kudai posho yake, na za kijana wa ofisi ya forodha Pangani aliyekaa usiku na taa ya mafuta kuandika juu ya haki, huenda jajja wake naye akasogeza kiti. Ndiyo sababu nasema mahali tunapopelekwa si jambo dogo la bajeti. Tunachokiona pwani ndicho tutakachokifundisha miaka thelathini.

Wapinzani wangu husema Tanga imechakaa. Ni kweli majengo mengi ya zamani yamepasuka kuta. Ni kweli pia kwamba makaburi ya Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji, hayana mikahawa pembeni yake. Lakini nendeni muone. Kuna mabaki ya msikiti, na makaburi ya nguzo mengi kuliko ninavyojua kwingine kokote kwenye mwambao, mengine yamesimama, mengine yamelala kwenye majani. Kwenye baadhi ya nguzo mnaona mashimo ya duara palipokuwa pamepachikwa vibakuli vya kaure. Hii ndiyo Mtang'ata, iliyoipa lahaja jina lake. Vasco da Gama alipita maji haya, na katika safari yake ya kurudi, 1499, moja ya merikebu zake ilichomwa moto hapa kwa kuwa hapakuwa na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Tulikaa pale saa tatu na hatukumwona mgeni mwingine. Mlinzi alitueleza kwa Kiswahili chake, bila kukariri, na alipokosa jibu alikaa kimya kidogo akatafuta neno.

Mapango ya Amboni, kilomita 8 kaskazini, ni miamba ya chokaa ambayo wanajiolojia huihesabu kwa mamilioni ya miaka. Humo ndani giza ni giza kweli, popo wanapiga mbawa juu ya kichwa, na watu wanaacha sadaka kwenye pembe moja ya mwamba kwa ajili ya mizimu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atake nini zaidi? Mjini unakuta mnara wa saa, boma la zamani lenye makumbusho, na eneo la vita vya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa na kikosi kidogo zaidi cha von Lettow-Vorbeck, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwauma wa pande zote mbili. Baharini kuna kisiwa cha Toten chenye magofu, na chini kabisa, kwenye maji ya kina, anaishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alikwisha kabisa hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumpata nyavuni mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa muziki sitasema mengi, ingawa ningependa: anayeandika juu ya taarabu bila kuwataja Black Star wa Tanga na gitaa zao hajui anachokiandika.

Husemwa tena kwamba Tanga hakuna taasisi ya kutupokea, hakuna watembezaji waliozoea makundi. Hiyo ndiyo faida yake. Mwanafunzi asiye na mtembezaji hulazimika kuuliza njia, na anayeuliza njia kwa siku tisa hurudi na sikio jipya. Kama ni hofu ya usalama au malazi, walimu waandike barua mapema, kama wanavyoandika kwa ajili ya Zanzibar.

Na muda hautungoji. Bomba la mafuta ghafi linatoka Kabaale, Hoima, kwetu Uganda, kilomita 1,443, hadi rasi ya Chongoleani, ng'ambo kidogo tu ya bandari ya Tanga. Mafuta yetu ni mazito, lazima yapashwe joto njia nzima ili yasigande, na bado serikali mbili na makampuni makubwa wameona inafaa kuyafikisha huko. Kwa Waganda wengi, hiyo ndiyo habari pekee ya Tanga wanayoijua: mwisho wa bomba. Wahandisi wetu wameshafika. Wahasibu wameshafika. Nyumba zitajengwa, kodi zitapanda, na mzee wa Sahare atasikia Kiganda gatini kabla hajamsikia mwanafunzi mwingine wa Kiswahili kutoka Kampala. Mji wa wavuvi ukigeuka mji wa mafuta, maneno ya kwanza kupotea ni yale ya chombo cha matanga, na hakuna atakayeyaandika kama sisi, wenye kazi hiyo, tuko Forodhani tunakula urojo.

Ninaomba basi jambo ambalo idara inaweza kulifanya mwaka huu huu. Badala ya kundi la watu arobaini, waende kumi na wawili, kwa zamu. Zikatwe siku za boti na kobe, ziongezwe siku za kukaa. Kila mmoja apewe familia ya kulala kwake Ngamiani au Sahare, na asiruhusiwe kurudi bila maneno mia ambayo hayamo kwenye kamusi yetu ya darasani, kila neno na mtu aliyelisema na kazi aliyokuwa akiifanya aliposema. Tarehe zipangwe kwa kalenda ya mwezi, ziangukie bamvua, ili asubuhi ya kwanza maji yakipwa sana waende Tongoni wakawaone akina mama wakitafuta pweza kwenye miamba, na wawaulize kile kijiti chenye ncha wanachoshika kinaitwaje.